Dereva Mpya wa Lori Anapimwa Nini Anapopimwa Usingizi

Ukitamka "ugonjwa wa usingizi" mbele ya mzee wa Urambo au Kaliua, jambo la kwanza litakalomjia ni mbung'o. Malale, maradhi ya vimelea yanayoenezwa na mdudu huyo, yamekaa katika kumbukumbu za mikoa ya Tabora na Kigoma kwa muda mrefu, na enzi za ukoloni wa Mwingereza vijiji vizima viliondolewa porini na wakazi wake wakakusanywa katika makazi mapya ili wakae mbali na mbung'o. Kwa hiyo kijana wa Tabora aliyemaliza mafunzo ya kuendesha magari makubwa, akisoma katika tangazo la kazi ya nje kwamba dereva mpya huenda akatakiwa "kupimwa ugonjwa wa usingizi", ana haki ya kudhani kwamba atatobolewa kidole, tone la damu litawekwa chini ya hadubini, na shauri litaishia hapo. Kinachozungumzwa katika tangazo lile ni jambo jingine, halina mdudu wala kimelea, na kipimo chake hakiishi siku hiyo hiyo.

Jina lake la kitaalamu ni apnea ya usingizi, na kwa maneno yetu ni kukatika kwa pumzi usingizini. Aina inayowahusu zaidi madereva ni ile inayotokana na kuziba kwa njia ya hewa. Mtu anapolala, misuli ya koo hulegea. Kwa wengi wetu kulegea huko hakuna madhara, lakini kwa mwenye koo jembamba, ulimi mnene, taya la chini lililorudi nyuma au mafuta mengi shingoni, ulimi na kaakaa laini huangukia nyuma na kuziba njia ya hewa, ama nusu ama kabisa. Kifua huendelea kuhangaika kuvuta hewa isiyoingia, oksijeni katika damu hushuka, na ubongo, kwa kuhisi hatari, humshtua mwenye mwili kwa sekunde chache tu, koo likafunguka, akavuta pumzi kwa mkoromo mkubwa na kuzama tena usingizini. Asubuhi hakumbuki lolote. Ili mkatiko mmoja uhesabiwe lazima udumu angalau sekunde 10, na daktari hutafuta wastani wa mikatiko hiyo, pamoja na ile ya hewa kupungua bila kukatika kabisa, kwa kila saa ya usingizi. Chini ya 5 ni kawaida kwa mtu mzima. Kuanzia 5 hadi chini ya 15 ni hali nyepesi. Kuanzia 15 hadi chini ya 30 ni ya kati. 30 na kuendelea ni kali. Tarakimu hizi huonekana ndogo mpaka uzizidishe: mwenye mikatiko 30 kwa saa, akilala saa 7, pumzi yake imesumbuliwa mara 210 kabla ya adhana ya alfajiri.

Dereva mchovu wa kawaida anajua kwamba amechoka na anajua sababu yake: alipakia tumbaku usiku, akaondoka kabla hakujapambazuka, hakupata pa kujilaza. Akipewa usiku mmoja au miwili ya kulala vizuri, anarudi katika hali yake. Mwenye apnea hana mlango huo wa kutokea, kwa sababu kulala kwenyewe ndiko kunakomchosha. Atakuapia kwamba alilala tangu saa tatu usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, na kiapo chake ni cha kweli, kwa maana alikuwa kitandani muda wote huo na hakumbuki kuamka hata mara moja. Ndiyo maana kumwuliza dereva "ulilala?" hakutoshi, na ndiyo maana nchi kadhaa zimeona kwamba tatizo hili linahitaji utaratibu wake, tofauti na ule wa kuhesabu saa za kazi.

Barabara yetu inasaidia kuelewa ukubwa wa hatari. Kutoka Tabora kwenda Kigoma kupitia Urambo, Kaliua na Uvinza, dereva hukutana na masafa marefu ya misitu ya miombo yanayofanana kilomita baada ya kilomita, ambamo jicho halina kipya cha kushika. Gari la mizigo lenye uzito unaozidi tani 3.5 haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa nje ya miji, nalo kwa mwendo huo hupita mita 22 kila sekunde. Dereva akipotewa na fahamu kwa sekunde 4, muda ambao mwenyewe anaweza asiutambue kabisa, gari limekwenda karibu mita 90 bila mtu kwenye usukani, na lori lenye tela, jumla ekseli saba, katika Afrika Mashariki linaruhusiwa kufikisha tani 56. Mbaya zaidi ni kwamba mwili wa kila binadamu una nyakati zake za kusinzia, kati ya saa nane usiku na alfajiri na tena mchana baada ya chakula, na apnea huzikuta nyakati hizo na kuzizidishia uzito.

Sasa tuje kwenye fundo lenyewe. Neno "kupimwa" katika matangazo na mazungumzo ya madereva hubeba mambo manne tofauti, na mkanganyiko mwingi hutokana na kuyachanganya. La kwanza ni kuchujwa, yaani maswali na vipimo vidogo vinavyofanywa siku ya uchunguzi wa afya ili kujua nani anatiliwa shaka. La pili ni kipimo halisi cha usingizi, kinachofanywa kwa wale tu walioonekana na shaka. La tatu ni matibabu kwa aliyekutwa na tatizo. La nne, ambalo watu hulisahau mpaka liwakute, ni ushahidi wa kila mara kwamba matibabu yanatumika. Karibu kila dereva mpya hukutana na hilo la kwanza. Ni sehemu tu yao wanaofika la pili. Kwa hiyo anayesema "Marekani kila dereva mpya analazwa na nyaya kichwani" amekosea, na anayesema "hakuna sheria inayotaka kupimwa" naye, kama tutakavyoona, amesema nusu ya ukweli.

Uvumi mwingi unaofika kwetu unatoka Marekani, kwa hiyo inafaa kuieleza hali ya huko kwa kituo. Kanuni ya serikali kuu ya nchi hiyo inayohusu afya ya madereva wa magari ya biashara, kifungu cha 391.41, inataka dereva asiwe na historia wala utambuzi wa kitabibu wa tatizo la upumuaji linaloweza kuingilia uwezo wake wa kuendesha kwa usalama. Neno apnea halimo katika sharti hilo, wala halimo sharti la kila mtu kupimwa usingizi. Mwaka 2013 vyama vya wenye malori na vya madereva vilihofu kwamba wizara ya uchukuzi ingeleta masharti hayo kupitia waraka wa kawaida, na Bunge likapitisha sheria fupi, iliyoungwa mkono kwa kura 405 dhidi ya 0 katika Baraza la Wawakilishi, inayosema kwamba ikiwa serikali inataka kulazimisha kuchujwa, kupimwa au kutibiwa apnea, lazima ifuate utaratibu kamili wa kutunga kanuni, pamoja na kupokea maoni ya wananchi. Machi 2016 mamlaka za malori na za reli zilianza utaratibu huo kwa kutoa taarifa ya awali. Agosti 2017 zikaiondoa, na kanuni mahususi haikutungwa.

Hapo ndipo wengi huhitimisha kwamba hakuna lazima, na hapo ndipo wanapojikwaa. Dereva wa Marekani hawezi kuendesha lori la biashara kati ya majimbo bila cheti cha afya, na cheti hicho hutolewa na mtaalamu wa afya aliyesajiliwa katika orodha ya taifa iliyoanza kutumika Mei 2014. Fomu ya uchunguzi inamwuliza dereva waziwazi kama ana matatizo ya usingizi, kukatika kwa pumzi akiwa amelala, kusinzia mchana au kukoroma kwa sauti kubwa, kisha inauliza kama amewahi kupimwa usingizi. Dereva anatia saini chini ya majibu yake. Mtaalamu akiona sababu ya kutia shaka, ana mamlaka ya kutotoa cheti mpaka aletewe majibu ya kipimo, au ya kutoa cheti cha muda mfupi. Cheti cha kawaida hakizidi miaka 2. Mwenye shaka anaweza kupewa cha miezi 3 tu ili akapimwe. Sheria, kwa maneno mengine, haikusema "mpime", bali ilimpa mtu kalamu na kumwambia asitie saini mpaka aridhike, na kwa dereva aliyesimama mbele ya kalamu hiyo tofauti ni ndogo.

Mtaalamu huyo naye hana kanuni ya kumwongoza katika shaka yake, ana mapendekezo tu. Mwaka 2016 bodi ya madaktari inayoishauri mamlaka ya malori ilipendekeza kwamba dereva apelekwe kwenye kipimo ikiwa uwiano wa uzito na urefu wake ni 40 au zaidi, au ikiwa ni 33 au zaidi na ana angalau dalili tatu katika orodha yenye mambo kama shinikizo la damu, kisukari cha ukubwani, historia ya kiharusi au ugonjwa wa moyo, kukoroma sana, kushuhudiwa pumzi ikikatika, njia ya hewa iliyo finyu, shingo inayozidi inchi 17 kwa mwanaume, na umri wa miaka 42 au zaidi. Uwiano huo hupatikana kwa kugawa kilo za mtu kwa mraba wa urefu wake katika mita. Kwa mtu wa mita 1.70, uwiano wa 33 ni kama kilo 95, na wa 40 ni kama kilo 116. Kwa hiyo kijana wa miaka 25 mwenye kilo 68 atajaza fomu, atapimwa presha na shingo, na kwa kawaida atatoka bila kusikia tena habari za usingizi. Mzee wa miaka 48 aliyeendesha malori ya Kigoma kwa miaka 20 na sasa anaomba kazi mpya, mwenye kitambi na presha, ndiye atakayesimamishwa mlangoni, ingawa kwa uzoefu wa usukani anamzidi yule kijana mara kumi.

Nionye mapema kwamba wembamba si kinga. Uzito ni kigezo kilicho rahisi kupimwa, ndiyo sababu kimewekwa mbele, lakini taya fupi au tonsili kubwa zinaweza kuziba koo la mtu mwembamba vilevile. Orodha ya namna hii hunasa wengi na huacha baadhi, na anayepita bila kunaswa hajathibitishwa kuwa mzima.

Juu ya daktari yupo mwajiri. Kampuni binafsi ya Marekani inaweza kuweka masharti makali kuliko serikali, na mahakama imelikubali hilo. Kampuni ya Crete Carrier iliwataka madereva wake wenye uwiano wa 35 na kuendelea wapimwe usingizi. Dereva mmoja alikataa, akasimamishwa kuendesha, akashtaki kwa hoja kwamba anabaguliwa kama mlemavu wakati cheti chake cha afya ni halali. Mwaka 2016 mahakama ya rufaa ya kanda ya nane iliamua kwamba kampuni ilikuwa na sababu ya kibiashara ya kudai kipimo hicho. Kwa mwombaji mpya maana yake ni hii: kuwa na cheti mkononi hakumzuii mwajiri kuuliza zaidi.

Kwa nini kampuni zijitie gharama ambazo serikali imeziacha? Jibu moja lilichapishwa mwaka huo huo wa 2016, katika utafiti uliofanywa kwa madereva wa kampuni ya Schneider, ambayo ilikuwa na utaratibu wake wa kuwachuja na kuwatibu. Madereva waliokutwa na apnea, wakapewa matibabu na wasiyatumie kabisa, walipata ajali kubwa zinazozuilika kwa kiwango cha mara 5 ya wenzao waliolinganishwa nao. Waliotumia matibabu, wote au kwa sehemu, hawakuonyesha tofauti hiyo. Nadhani matokeo haya yana uzito kuliko mijadala yote ya kisheria, kwa sababu yanaonyesha kwamba hatari haikai katika jina la ugonjwa bali katika kuacha kuutibu, na kwamba mtu aliyekutwa na apnea akatibiwa anaweza kubaki kwenye usukani.

Ulaya imekwenda njia iliyonyooka zaidi. Mwongozo wa Umoja wa Ulaya namba 85 wa mwaka 2014, uliotakiwa kutekelezwa na nchi wanachama kufikia mwisho wa mwaka 2015, umeitaja apnea kwa jina na kuweka mpaka wake kwa tarakimu: mikatiko 15 kwa saa au zaidi, ikiambatana na kusinzia mchana kupita kiasi. Anayeshukiwa kuwa katika hali hiyo hupelekwa kwa daktari kabla ya kupewa au kuongezewa leseni, na anaweza kushauriwa asiendeshe mpaka utambuzi uthibitishwe. Aliyekutwa nayo anaweza kupata leseni akionyesha kwamba tatizo limedhibitiwa, anafuata matibabu na usingizi wa mchana umepungua, kisha hurudi kuchunguzwa, na kwa madereva wa malori na mabasi muda kati ya uchunguzi na uchunguzi hauzidi mwaka 1, wakati mwenye gari dogo anaweza kupewa hadi miaka 3. Hapa pia si kila dereva mpya anayepimwa; kinachotakiwa ni kumpima anayeshukiwa, ila mpaka wa shaka na wa ruhusa umeandikwa.

Kipimo chenyewe hakina maumivu. Hatua ya kuchuja hufanywa kwa maswali, na yanayotumika sana ni yale yanayojulikana kama STOP-Bang, yaliyotungwa Toronto na kuchapishwa mwaka 2008. Ni maswali manane ya ndiyo au hapana: je, unakoroma kwa sauti, unajisikia mchovu mchana, kuna mtu aliyekuona ukiacha kupumua, una presha, uwiano wako wa uzito unazidi 35, umri unazidi miaka 50, shingo yako ni nene, na je, wewe ni mwanaume. Ndiyo 5 au zaidi ni shaka kubwa. Daktari pia atakuambia ufungue mdomo na utoe ulimi, si kwa kutafuta homa, bali aone kama kilimi kinaonekana au kimefichwa nyuma ya ulimi.

Akishatia shaka, zipo njia mbili. Ya kwanza ni kifaa kidogo cha kulala nacho nyumbani: mkanda kifuani, mrija mwembamba puani wa kuhisi hewa, na kibanio kidoleni cha kupima oksijeni. Kinafaa kwa mtu mwenye dalili zilizo wazi na asiye na magonjwa mengine mazito kama moyo kushindwa. Kasoro yake ni kwamba kwa kawaida hakirekodi mawimbi ya ubongo, kwa hiyo hakijui kwa hakika ulikuwa umelala muda gani, na saa ulizokaa macho ukigeuka kitandani zinaweza kuhesabiwa kama usingizi na kuyapunguza matokeo. Jibu la "hakuna kitu" kutoka kifaa hicho, kwa mtu mwenye dalili nyingi, halifungi faili. Njia ya pili ni polisomnografia, yaani kulala usiku mmoja hospitalini au katika maabara ya usingizi huku mawimbi ya ubongo, mwendo wa macho, moyo, pumzi, oksijeni na misuli vikirekodiwa kwa pamoja. Hicho ndicho kipimo kamili, na ndicho ghali.

Kwa wale wanaopimwa kwa ajili ya kazi kuna tatizo ambalo mgonjwa wa kawaida hana. Mgonjwa wa kawaida huenda kwa daktari akitaka kujua anaumwa nini. Mwombaji wa kazi huenda akitaka kusikia kwamba haumwi. Atasema hakoromi, hasinzii, na kifaa cha nyumbani, akipata upenyo, atamvisha mdogo wake mwembamba. Ndiyo maana huko nje baadhi ya waajiri hudai njia ya kuthibitisha kwamba aliyekivaa ni mwombaji mwenyewe. Hata asiyekusudia kudanganya anaweza kutoa jibu la uongo, kwa maana mkoromo ni jambo ambalo mwenyewe halisikii. Mjomba wangu alikuwa utingo kwa miaka mingi katika malori ya mizigo ya Kigoma, na alikuwa akitandika mkeka chini ya tela kwa sababu ndani ya kabini hakulaliki kwa mkoromo wa dereva wake. Alipenda kutusimulia jinsi mkoromo ule ulivyokuwa ukikatika ghafla, "kimya kama mzee amefariki, mpaka nainuka kumtazama," kisha ukarudi kwa kishindo na gari zima likatikisika. Tulicheka sana. Alikuwa anajibu, bila kujua yeye wala sisi, swali la tatu katika yale maswali manane.

Matibabu ya kawaida ni mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa ya puani au ya pua na mdomo, ili shinikizo la hewa lizuie koo kuziba. Kifupi chake kinachotumika duniani ni CPAP, na ilibuniwa na Colin Sullivan na wenzake huko Sydney, wakachapisha matokeo yao mwaka 1981. Haitibu kwa maana ya kumaliza ugonjwa. Inafanya kazi usiku unaoivaa, na usiku usiyoivaa koo linaziba kama zamani. Mashine ina kumbukumbu inayoandika saa ilizotumika, na kipimo cha uaminifu kinachotumiwa kwa madereva wa Marekani ni angalau saa 4 kwa usiku, katika asilimia 70 ya siku, sawa na siku 21 kati ya 30. Dereva huleta taarifa hiyo kila anapohuisha cheti, na cheti chake kwa kawaida hakizidi mwaka 1. Kwa anayelala kwenye kabini hili lina mahitaji yake: umeme wa malori mengi makubwa ya kwetu ni wa volti 24 na mashine nyingi za safari hutumia 12 au 24 kwa waya maalumu, kwa hiyo waya usiolingana unaweza kuiunguza, barakoa inahitaji kuoshwa kwa maji safi, na vumbi la kiangazi huziba kichujio chake upesi. Kupunguza uzito, kuacha pombe jioni na kulala ubavu badala ya chali husaidia, na kwa hali nyepesi huenda vikatosha, lakini hakuna mkaguzi atakayepokea maelezo ya "siku hizi nalala ubavu" mahali pa taarifa ya mashine.

Nyumbani hali ikoje? Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, iliyotungwa mwaka 1973, ndiyo msingi wa leseni zetu, na haina sharti la kila dereva mpya wa lori kupimwa usingizi. Mlango ulio wazi zaidi uko upande wa ajira. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inataka wafanyakazi wachunguzwe afya kuona kama wanaifaa kazi wanayopewa, na hakuna kinachomzuia daktari anayemchunguza dereva kumpima shingo kwa futi ya fundi cherehani na kumwuliza kuhusu kukoroma. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kitete mjini Tabora na ya Maweni mjini Kigoma si mahali pa kutafuta maabara ya usingizi. Kipimo kamili ni cha hospitali kubwa. Lakini presha, sukari, uzito, koo na maswali manane havihitaji maabara, na ndivyo vinavyomtenga mwenye shaka na asiye na shaka.

Nina maoni yangu kuhusu wanaotaka tunakili utaratibu wa Ulaya kama ulivyo. Huko dereva wa lori haruhusiwi kwa kawaida kuendesha zaidi ya saa 9 kwa siku, na baada ya saa 4 na nusu lazima apumzike dakika 45, na kifaa ndani ya gari kinarekodi. Kwa hiyo dereva wa huko anayesinzia mchana, baada ya kupewa nafasi ya kulala, anatia shaka kweli. Kwetu Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki na mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku na siku, isipokuwa pale inaporuhusu kupunguza kwa makubaliano ya maandishi, lakini kila anayefahamu maegesho ya malori ya Nzega anajua kwamba mzigo wa kwenda Burundi au wa bandari ya Kigoma hausubiri saa 12 za mtu. Dereva aliyelala saa 3 akiulizwa kama anasinzia mchana atajibu ndiyo, na jibu hilo halitamwambia daktari chochote kuhusu koo lake. Kipimo cha usingizi kina maana kwa mtu aliyepewa usingizi. Bila hivyo tutampeleka dereva Dar es Salaam kutafuta ugonjwa ambao dawa yake iko kwenye ratiba ya tajiri.

Anayejiandaa kwa uchunguzi, iwe kwa kampuni ya hapa au kwa ajira ya nje, asiende siku hiyo akitoka safari ya usiku, maana presha itakuwa juu na macho yatakuwa mekundu, na daktari ataandika anachokiona. Aende na orodha ya dawa anazotumia, hasa za mafua na mzio zinazoleta usingizi. Kama alishawahi kupimwa usingizi, aseme na apeleke karatasi, kwa sababu katika fomu ya Marekani swali hilo limeandikwa na kulificha kunaweza kukifuta cheti kikishatolewa. Na kwa kuwa kijana anayelala peke yake katika chumba cha kupanga hana wa kumshuhudia, amwombe utingo mwenzake au ndugu alale naye usiku mmoja, simu iwekwe karibu na mto ikirekodi sauti tangu taa inapozimwa. Rekodi hiyo si kipimo na hakuna atakayekupa cheti kwa ajili yake, lakini daktari ataisikiliza kwa dakika mbili tatu, akipitisha mkoromo haraka, kwa sababu anachokitafuta ni sehemu zenye kimya.